Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Siku Tatu za Karate Korogwe na Handeni

 

Kila tunapokaa barazani na kina mama wenzetu, haipiti muda ila swali hili hutokea: mtoto wa kike akitaka kujifunza karate, tumruhusu? Mmoja husema huo ni mchezo wa wanaume. Mwengine husema binti yake hurudi skuli magharibi na njia ina kiza, bora ajue kujitetea. Wa tatu hushusha sauti akauliza lile ambalo wengi wetu tunalo rohoni: ati ni kweli wanasujudia picha?

Leo tutawajibu kwa kuwasimulia tuliyoyaona kwa macho yetu.

Likizo ya Disemba tulivuka bahari tukiwa wanne, kwa boti ya kutoka Pemba kwenda Tanga, kisha basi kupitia Muheza na Segera hadi Korogwe. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Pemba, ameolewa huko na sasa ni mwenyeji kabisa. Binti zake wawili wamo katika klabu ya karate yenye matawi mawili, moja Korogwe na jengine Handeni. Mwalimu mkubwa wa mtindo wao, mzee kutoka Dar es Salaam, alikuwa anakuja kwa siku tatu kuwafundisha na kuwatahini. Klabu haina fedha ya kumlipia mgeni hoteli wala ya kuajiri mpishi. Mwenzetu akajitolea nyumba yake, kisha akatupigia simu: "Njooni mnisaidie jiko. Na macho pia."

Macho pia. Hapo ndipo penye habari. Watoto wa kike kumi na mmoja walikuwa wanafanya mtihani wa mkanda, na wengi wao ni Waislamu. Baadhi ya wazazi wa Handeni walikuwa wameshasema wazi kwamba wakiona jambo lisilowapendeza, mabinti zao ndiyo basi tena. Baba mmoja, mwenye binti wa kidato cha pili, alitangaza kuwa atahudhuria siku zote tatu. Siku atakayomuona mwanawe anaweka paji la uso chini mbele ya picha ya mtu, ataondoka naye siku hiyohiyo. Na kila mtu alijua kuwa akiondoka yeye, wengine wanne au watano watamfuata. Tawi la wasichana la Handeni lilikuwa limening'inia kwenye uzi mmoja.

Karate ni mtoto wa kisiwa

Kabla hatujaendelea, tuwape kidogo asili ya jambo lenyewe, maana wengi hudhani karate ilizaliwa Tokyo. La. Asili yake ni Okinawa, kisiwa kidogo kuliko Unguja yetu, kilichokuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu. Watu wake walikuwa mabaharia na wafanyabiashara. Vyombo vyao vilikwenda China na kurudi, na pamoja na bidhaa vikaleta elimu ya kupigana bila silaha. Ufalme ule ulimezwa rasmi na Japani mwaka 1879. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa sana namna kisiwa kinavyopokea kitu kutoka ng'ambo, kikakipika upya hadi kikawa chake. Biriani yetu ni shahidi.

Mtindo unaofundishwa na klabu hii unaitwa Goju-ryu. Aliyeuasisi ni Chojun Miyagi, aliyezaliwa mjini Naha, huko Okinawa, mwaka 1888, akafariki mwaka 1953. "Go" ni ugumu, "ju" ni ulaini. Mwili mmoja ujue kuwa mgumu na ujue kuwa laini, na akili ijue wakati wa kila kimoja. Neno karate lenyewe maana yake ni mkono mtupu.

Hapa nchini, anayetajwa kuwa aliileta Goju-ryu ni Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyefundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Chuo chake, eneo la Zanaki, kilijulikana kwa jina la Hekalu la Kujilinda. Sisi wa visiwani tunaijua zaidi judo, kwa sababu ya Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyehamia Zanzibar na kuanza kuwafundisha vijana wetu mchezo huo miaka ya 1990. Kwa hiyo mgeni kuja na elimu ya mikono mitupu si jambo jipya kwetu. Linalobaki kila mara ni hili: anakuja vipi, na akiondoka anaacha nini?

Ijumaa: neno kabla ya salamu

Korogwe imekaa kando ya Mto Pangani, milima ya Usambara ikiitazama kwa juu, na joto lake la Disemba halina masihara. Mzee alishuka kwenye basi mchana akiwa na kaunda suti na begi dogo. Tulikuwa tumempikia pilau na kachumbari, na samaki wa kukaanga tuliyemtoa Tanga. Akala kidogo, akashukuru sana, kisha akauliza kwa upole kama kesho anaweza kupata ugali na mchicha, kwa sababu tumbo la mtu anayefanya mazoezi halitaki mambo mengi. Tukacheka. Pilau ile watoto hawakuiacha hata punje.

Mazoezi yalipangwa baada ya Alasiri na kumalizika kabla ya Maghribi, ili kila mtu apate sala yake kwa wakati. Hilo lilikuwa sharti la mwenzetu na klabu ililikubali bila maneno. Ukumbini, baba wa Handeni alikuwa ameshakaa benchi la nyuma, kanzu na kofia, mikono juu ya mkongojo. Ukuta wa mbele ilitundikwa picha ya Miyagi. Kwa kawaida mazoezi hufunguliwa kwa kupiga magoti kuielekea na kuinama mpaka chini.

Mwenzetu hakungoja. Alimfuata Mzee mlangoni, sisi nyuma yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Mmepumzika?"

"Alhamdulillah. Tuna neno kabla hamjaanza."

"Semeni, nawasikiliza."

"Watoto hawa wanakuheshimu, na sisi tunakuheshimu. Lakini kuna kule kupiga magoti na kushusha kichwa hadi sakafuni. Kwetu sisi kitendo kile kina mwenyewe, na mwenyewe ni Mmoja. Tunaomba wasilazimishwe."

Mzee akamtazama kidogo. "Nani amekwambia nitawalazimisha?"

"Hakuna aliyesema. Ndiyo maana tunasema mapema."

Akatikisa kichwa kwa kukubali. "Mimi ni Mkristo, mama. Babu yule wa pichani na mimi pia simuombi kitu. Alikuwa mwalimu, basi. Umefanya vizuri kusema mlangoni. Mambo haya yakisemwa katikati ya mazoezi, mtoto ndiye anayeaibika."

Akaingia ndani, akaitungua ile picha kwa mikono miwili na kuitundika ukuta wa pembeni. "Atatuangalia kwa ubavu," akasema, "amezoea." Kisha akawapanga watoto, wakaelekeana safu mbili. Akawaambia kuwa salamu ni ahadi: nimekuja kujifunza na wewe, sikuja kukuumiza. Anayetaka kuinama ainame. Anayetaka kukaa wima akae wima na aweke mikono mapajani. Lakini asimuone mtu akichezea vidole wakati wa salamu, kwa sababu ahadi haitolewi huku macho yako dirishani.

Wengi wa mabinti wetu walikaa wima. Baadhi ya watoto wengine wakainama. Hakuna aliyemtazama mwenzake vibaya. Tulipogeuka nyuma, baba wa Handeni alikuwa ameulaza mkongojo wake kwenye benchi.

Jumamosi: mkono wa nani?

Asubuhi ya pili ndiyo ilikuwa nzito, maana hapo ndipo kilipokuja kitu kinachoitwa Sanchin.

Katika karate kuna mfululizo wa mienendo iliyopangwa, ya kujikinga na kupiga, ambayo mwanafunzi huifanya peke yake kana kwamba adui yupo. Mfululizo huo huitwa kata. Watoto wa Handeni walishatuchekesha kwa hilo, maana kwao kata ni ile ya serikali yenye diwani wake, na kwetu sisi kata ni ya kifuu cha nazi, ya kuchotea maji mtungini. Sanchin ni kata ya msingi kabisa ya Goju-ryu. Haina kuruka wala mbwembwe. Mwanafunzi anasimama, miguu imeshika ardhi, anavuta pumzi hadi chini ya kitovu, anaitoa kwa nguvu, anapiga hatua chache polepole. Jina lake ni vita vitatu: vya akili, vya mwili na vya pumzi. Mmoja wetu ni mkunga. Alipoiona akasema, "Kumbe hawa wanafundishwa pumzi tunayowafundisha wazazi leba!"

Tatizo liko kwenye namna inavyopimwa. Wakati mwanafunzi anaifanya Sanchin, mwalimu humzunguka na kumgonga kwa viganja: mabegani, mgongoni, tumboni, mapajani. Anapima kama mwili umekaza mahali panapotakiwa na kama pumzi haikukatika. Bila kupimwa, mtoto anaweza kuikosea miaka mingi asijue. Mzee alipoanza kuwapima wavulana, sauti ya viganja ilijaa ukumbi mzima. Safu ya pili ilikuwa ya wasichana, na sote tulijua kinachofuata. Baba wa Handeni akasimama.

Hakupaza sauti. "Mzee wangu," akasema, "jana nilikusikia, nikaridhika. Leo nauliza: hawa wa kike unawapima kwa mkono wa nani?"

Ukumbi ukanyamaza. Mzee akatoa leso akajifuta jasho, akauliza klabu inaye mwalimu wa kike? Yuko mmoja, dada wa Korogwe mwenye mkanda wa kahawia. Anawafundisha wasichana kwa miaka sasa, lakini kupima Sanchin hakuwahi kufundishwa. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume siku zote, na hakuna aliyefikiri vyenginevyo.

"Njoo, mwanangu," Mzee akamwita. "Nipige mimi."

Dada yule akaganda. Amempigaje mtu wa umri wa babu yake, mbele za watu, mgeni, na mikono yake bado inanuka vitunguu vya kwetu jikoni? Akagusa bega la Mzee kama anayefukuza nzi.

"Hiyo ni salamu. Nipige!"

Akapiga. Mzee akatikisa kichwa: mapema mno, pumzi bado inaingia. Akapiga tena: kumechelewa. Tena: kiganja kimelegea, kitaudanganya mwili. Saa nzima ilikwenda hivyo. Wavulana walipelekwa nje kufanya mazoezi kivulini, na Mzee akabaki amesimama katikati ya ukumbi, akipigwa mabega na mwanafunzi wake, akimueleza kila pigo lilikuwa na kasoro gani. Mwisho wake akamwambia, "Sasa nenda kwa wasichana. Mimi nakaa kule kwenye benchi. Utakuwa unaniambia ulichokisikia kwenye kiganja, na mimi nitakwambia nilichokiona."

Akaenda kukaa benchi la nyuma, pembeni ya baba wa Handeni. Wazee wawili wakatazama pamoja. Binti wa kwanza alipogongwa begani, kikohozi kikamtoka na sote tukacheka, na yeye pia. Wa nne alisimama kama mbuyu. Kufika Adhuhuri, viganja vya dada mwalimu vilikuwa vyekundu na uso wake unang'ara.

Tunataka msomaji alione vizuri jambo hili, kwa sababu kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Mzee angeweza kufanya moja kati ya mawili mepesi. Angeweza kusema huu ndio utaratibu, asiyetaka aondoke. Au angeweza kuwaacha mabinti bila kupimwa, wakavuka kwa huruma, na elimu yao ikabaki nusu. Alichagua la tatu, lililomgharimu saa nzima na mabega yake. Sasa elimu ile imebaki Korogwe, kwenye viganja vya mwanamke anayeonana na watoto hao kila wiki. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyepona siku ile tunamjua.

Chai ya usiku

Baada ya Isha tulikaa uani na chai ya mchaichai na mkate wa kumimina. Baba wa Handeni, ambaye alilala kwa jamaa zake palepale mjini, alikuja kutusalimia. Alikuwa na swali alilolibeba: kwa nini chuo cha kwanza kiliitwa hekalu? Mzee akamueleza kuwa jina ni la mahali pa kujifunza kwa adabu, na kwamba tangu ujana wake Waislamu na Wakristo walifanya mazoezi pamoja, kila mmoja akaenda kwenye ibada yake. Baba hakusema kitu, akaongeza sukari.

Ndipo Mzee alipotusimulia fainali ya Olimpiki ya Tokyo. Ilikuwa Agosti 2021, mara ya kwanza karate kuwemo katika michezo hiyo. Uzito wa juu wa wanaume walikutana Tareg Hamedi wa Saudi Arabia na Sajad Ganjzadeh wa Iran. Hamedi alikuwa anaongoza 4 kwa 1. Akarusha teke la juu, likampata mwenzake shingoni, Ganjzadeh akaanguka na kuzirai. Uwanjani alibaki amesimama mmoja tu. Lakini waamuzi wakamuondoa Hamedi, kwa sababu katika mchezo ule pigo lazima lizuiliwe. Dhahabu akapewa aliyekuwa ametolewa kwa machela. Jukwaani wawili wale wakakumbatiana.

"Aliyeanguka ndiye aliyeshinda," Mzee akasema. "Watoto huniuliza kwa nini. Nawaambia: nguvu wanayo wote, tunachopima ni breki."

Sisi tukatazamana, maana maneno hayo tuliyasikia tangu madrasa. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kuwa mwenye nguvu si yule anayewaangusha watu kwa mieleka, ni yule anayejimiliki wakati wa ghadhabu. Na Gekisai, kata ya kuanzia ambayo Miyagi aliitunga mwaka 1940 kwa ajili ya wanafunzi wa kawaida, mwendo wake wa kwanza si pigo. Ni mkono unaonyanyuliwa kujikinga.

Jumapili: siku ya tatu mpe jembe

Mtihani ulikuwa Handeni. Ni kiasi cha kilomita 65 kutoka Korogwe, barabara ya lami inayoingia nchi ya Wazigua, ardhi nyekundu, jua lisilo na mawingu. Handeni maji ni habari ndefu. Kwa miaka mingi bomba kubwa limekuwa likiyavuta kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, na bado madumu ya njano hayatoki njiani. Elimu ya karate nayo huja kwa njia hiyohiyo, inavutwa kutoka Korogwe kila mwisho wa wiki, pale dada mwalimu anapopata nauli.

Watoto wa Handeni hawana ukumbi. Wanafanya mazoezi chini ya mwembe. Tulipofika saa moja asubuhi tulimkuta Mzee ametangulia, ameshika fagio la chelewa, anafagia majani. Tukakimbilia kumpokonya. "Acheni," akasema, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimejipa fagio." Wanafunzi wakachukua mafagio yao, wakafagia pamoja naye.

Mtihani ukaenda hadi karibu na Adhuhuri. Wasichana kumi na mmoja, mitandio yao ya fulana imeingizwa ndani ya nguo za karate, haina pini hata moja. Dada mwalimu aliwapima Sanchin, Mzee akaandika. Mwisho akasoma majina. Wanane wamefaulu. Watatu watarudia baada ya miezi mitatu. Mmoja wa watatu hao alikuwa binti wa yule baba.

Mtoto hakulia, lakini kidevu kilitetemeka. Baba akaja mbele, na safari hii sauti yake ilikuwa kavu.

"Mzee, tuambiane ukweli. Ni kwa sababu hakuinama?"

Tukashika pumzi. Siku tatu zote zilikuwa zimekuja kusimama kwenye swali hilo.

Mzee hakujitetea. Aliwaambia wasichana wote waliokaa wima tangu Ijumaa wasimame. Wakasimama tisa. Akawaambia walioshika mikanda mipya wainyanyue juu. Ikanyanyuliwa sita. Kisha akamwita binti. "Mwanangu, rudia kata yako, kuanzia kwenye kugeuka. Na wewe baba, njoo usimame hapa nilipo. Usitazame mikono yake. Tazama macho."

Binti akageuka. Kabla ya mguu kukanyaga, macho yakashuka chini, kisha yakapanda. Akageuka tena. Yakashuka tena. Kila pembe, kabla ya kila hatua, alitazama ardhi.

"Umeona?"

"Nimeona," baba akasema. "Anatafuta nini chini?"

Binti mwenyewe ndiye aliyejibu. "Mizizi, baba."

Sote tukatazama chini. Mwembe ule una mizizi iliyotoka nje kama mishipa ya mkono wa mzee, na mawe katikati yake. Mtoto alijifunzia hapo mwaka mzima na aliwahi kujikwaa hadi ukucha ukang'oka. Mwili wake ulishajifundisha kuchungulia kabla ya kukanyaga.

Mzee akachuchumaa, akaugusa mzizi mmoja. "Kosa si lake," akasema. "Lakini mkanda siwezi kumpa. Mtu akija kumdhuru, macho yakishuka ndiyo yamemuuza. Nikimpa leo kwa kumuonea huruma, nimemdanganya yeye na nimekudanganya wewe."

Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamshika binti yake begani wakaondoka kwenda kusali. Hakuaga, na sisi hatukujua kama tungewaona tena.

Mzee alipanda basi la mchana kwenda Dar es Salaam. Kina mama wa Handeni walimfungia machungwa na mfuko wa unga wa mahindi. Dada mwalimu alimbebea begi hadi stendi.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tumesharudi kisiwani, mwenzetu akatupigia simu. Dada mwalimu alifika Handeni Jumamosi akakuta uwanja si ule. Baba yule na wanaume wengine wawili walikuwa wamekuja na majembe na shoka, wameikata mizizi ya juu, wametoa mawe, wamemwaga mchanga. Alipoulizwa, alisema tu kwamba mwembe umezeeka. Binti alikuwa safu ya mbele. Mtihani wake wa marudio utakuwa baada ya Ramadhani, inshaAllah, na tunawaomba mumkumbuke kwa dua.

Kwa mama mwenye binti anayetaka karate

Haya ndiyo tuliyorudi nayo, yawafae.

Uliza mlangoni. Salamu, mavazi, nani anamgusa mtoto, saa za sala: yote yasemwe kabla ya siku ya kwanza, kwa adabu na kwa uwazi. Mwalimu mzuri hatokasirika. Anayekasirika ameshakujibu.

Kuhusu kuinama, kila mmoja amuulize shehe anayemuamini. Sisi hatutoi fatwa. Tunasema tu kwamba tuliona kwa macho yetu klabu ikiendelea bila mtoto kulazimishwa, na heshima haikupungua.

Mtandio uwe wa kitambaa kinachovutika, ushonwe wa kuvaa kichwani moja kwa moja, bila pini. Ndani ya nguo ya karate avae fulana ya mikono mirefu. Mabinti wanaofikiria mashindano wajue kuwa shirikisho la karate la dunia limeruhusu hijabu tangu mwaka 2013.

Tafuta klabu yenye mwalimu wa kike, na kama hayupo, waulizeni viongozi wana mpango gani wa kumuandaa. Siku hizi tatu zimetuonesha kuwa inawezekana, akipatikana mkubwa aliye tayari kufundisha.

Na mwisho, mtoto akirudi nyumbani bila mkanda, usikimbilie kugombana. Nenda ukatazame alipokosea. Huenda ukakuta kazi inayokusubiri wewe mwenyewe, na jembe liko uani.

Tunamuomba Allah awahifadhi mabinti zetu njiani na majumbani, awape nguvu na awape cha kuizuia nguvu hiyo, na awalipe kheri wote wanaowafundisha kwa ukweli. Amin.

Maa salaam.